Uchaguzi wa Cheni ya Msumeno kwa Kazi ya Kufungua Njia katika Misitu ya Katavi

Msumeno wa mnyororo unaotumika kufungua na kutunza njia za miguu mkoani Katavi hufanya kazi tofauti sana na ule wa mvunaji wa mbao, hata kama mashine yenyewe ni ya aina moja. Mvunaji huchagua mti mkubwa, husimama mahali pamoja kwa muda mrefu na kukata shina ambalo sehemu yake kubwa iko juu ya ardhi, ilhali kikundi kinachofungua njia hukutana kwa siku moja na matawi membamba kama kidole, magogo yaliyolala mavumbini kwa misimu kadhaa, mizizi iliyotambaa juu ya ardhi na visiki ambavyo sharti vikatwe chini kabisa ili mtembeaji asijikwae. Tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kuongoza uchaguzi wa cheni, yaani ule mnyororo wa viungo vya chuma wenye meno unaozunguka pembezoni mwa bapa la msumeno, kwa sababu cheni inayosifiwa kwa kasi katika shina safi huweza kupoteza makali yake yote kwa sekunde chache inapopelekwa kwenye gogo lililojaa mchanga. Katika Katavi udongo huua cheni nyingi kuliko ugumu wa mti, na mtu anayenunua cheni akiwa na ukweli huo akilini hufanya uchaguzi ulio tofauti na wa mtu anayeongozwa na katalogi.

Misitu inayozungumziwa hapa ni ya miombo, yaani misitu ya wazi ambamo jamii za mtundu na myombo ndizo zinazotawala, na ndani yake mna mninga, mkurungu, mkora na mahali pengine mpingo, huku mabonde na kingo za mito zikiwa na migunga na mikwaju. Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974 na yenye eneo la kilomita za mraba 4,471, huhitaji njia za doria za askari na njia za wageni wanaotembea kwa miguu wakiongozwa. Misitu ya hifadhi iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, yaani TFS, huhitaji mikinga ya moto na njia za ukaguzi. Na katika milima ya Ntakata, wilaya ya Tanganyika, vijiji vinavyolipwa kwa kutunza misitu yao kupitia biashara ya kaboni haviwezi kuilinda misitu hiyo bila vijia ambavyo walinzi wake hupita kila juma. Wafuga nyuki wa Mlele na Inyonga nao wanazo njia zao za kwenda kwenye mizinga, na kaskazini-magharibi zaidi, mkoani Kigoma, Hifadhi ya Milima ya Mahale iliyoanzishwa mwaka 1985 hupitika kwa miguu tu, kwa kuwa haina barabara za magari ndani yake. Katika maeneo yote hayo tembo huangusha miti, upepo wa mwanzo wa mvua huvunja matawi makavu, na njia iliyokuwa wazi mwezi Mei huweza kufikia Desemba ikiwa imezibwa mahali pengi.

Namna udongo unavyoingia katika mti inastahili kuelezwa kwa kirefu, maana watu wengi hudhani kwamba cheni huchafuka tu pale inapogusa ardhi. Mchwa wa miombo hujenga vijia vya udongo juu ya magome ya miti hai na miti mikavu ili kujikinga na jua wanapopita, na vijia hivyo vina chembe za mchanga ambazo ni ngumu kiasi cha kukwaruza makali ya chuma cha jino. Gogo linapokauka na kulala chini, mchwa huingia ndani yake, hula sehemu laini na kujaza nafasi iliyoachwa kwa udongo ulioshindiliwa, hivi kwamba gogo linaloonekana zima kwa nje huwa na kiini cha matope makavu. Moto unaopita karibu kila kiangazi, hasa kati ya Juni na Oktoba, huacha tabaka la masizi na magome yaliyopasuka, na upepo hujaza vumbi katika nyufa hizo. Katika mbuga za Katisunga na Chada, ambako maji ya mto Katuma hutuama wakati wa mvua, magogo yaliyosombwa hubaki na tope lililokaukia ndani ya mikunjo ya magome. Kwa hiyo jino la cheni hukutana na mchanga hata pale ambapo mkataji ameshika msumeno wake kifuani, mbali na ardhi.

Jino la cheni huwa na bamba la juu, ambalo hunyanyua nyuzi za mti kutoka sakafu ya mkato, na bamba la ubavuni, ambalo hukata nyuzi hizo kando. Mahali mabamba hayo mawili yanapokutana ndipo penye pembe inayofanya kazi kubwa kuliko sehemu nyingine yoyote. Katika aina ya kwanza ya meno pembe hiyo ni kali kama ya patasi, na cheni ya namna hiyo hukata haraka sana mti mbichi na safi. Katika aina ya pili pembe imeviringishwa kidogo, ili mzigo wa ukataji usambae kwenye mkunjo wenye urefu fulani badala ya kubebwa na ncha moja. Ncha ya pembe kali ikishavunjwa na chembe ya mchanga, jino lote hukosa nguvu na mnoaji hulazimika kuondoa chuma kingi hadi aifikie sehemu nzima, ilhali pembe ya mviringo huendelea kukata kwa kiasi ijapokuwa imekwisha kukwaruzwa, na kunolewa kwake huhitaji mapito machache ya tupa. Kwa kazi ya njia katika miombo, meno ya pembe ya mviringo ndiyo yanayofaa kuwa chaguo la kwanza, na upungufu wake wa kasi si hasara ya kweli, kwa sababu saa zinazopotea mchana kutwa hupotea katika kunoa, kunasua msumeno na kuburuta matawi.

Meno ya namna hii yana historia inayosaidia kuyaelewa. Kabla ya miaka ya 1940 kumalizika, cheni nyingi za misumeno zilikuwa na meno yaliyofuata umbo la meno ya msumeno wa mkono, yakikwaruza mti badala ya kuuchonga, na yalihitaji kunolewa kwa taabu na mara kwa mara. Mwaka 1946 mkata miti wa Marekani aliyeitwa Joe Cox aliwachunguza mabuu wa mbawakawa wanaotoboa magogo, akaona kwamba taya zao hukata zikielekea kushoto na kulia kwa zamu, naye akatengeneza cheni yenye meno yaliyopinda, moja likielekea kushoto na jingine kulia. Cheni zote zinazouzwa leo, za pembe kali na za pembe ya mviringo, zimetokana na wazo hilo, na ndiyo maana zamu ya kushoto na kulia ikiharibiwa kwa kunoa upande mmoja zaidi ya mwingine, msumeno huanza kupinda ndani ya mti.

Kabla ya umbo la jino kufikiriwa, cheni haina budi kulingana na mashine kwa vipimo vitatu, na kosa katika kimoja tu huifanya cheni kuwa chuma chakavu. Kipimo cha kwanza ni hatua, yaani nusu ya umbali kati ya ribiti tatu zinazofuatana za kuunganishia viungo, na hatua zinazopatikana zaidi ni inchi 0.325, inchi 3/8, inchi 0.404 na ile ya inchi 3/8 yenye umbo la chini, ambayo hutumika katika misumeno midogo na isichanganywe na inchi 3/8 ya kawaida hata kama namba zinafanana. Hatua lazima iwiane na sproketi, yaani gurudumu lenye meno linaloiendesha cheni kutoka kwenye injini, na iwiane pia na sproketi ndogo iliyo katika ncha ya bapa ikiwa bapa linayo. Kipimo cha pili ni unene wa viungo vya kuendeshea, yaani vile viungo vyenye ncha inayoingia katika mfereji wa bapa. Unene huo huwa milimita 1.1, 1.3, 1.5 au 1.6, na cheni nyembamba ikiwekwa katika mfereji mpana hulala upande na kukata mkato wa kupinda, ilhali nene haiingii kabisa. Kipimo cha tatu ni idadi ya viungo vya kuendeshea, ambayo huhesabiwa kimoja kimoja kwenye cheni ya zamani, kwa sababu urefu wa bapa pekee hautoshi: mabapa mawili yenye urefu unaotajwa kuwa sawa, yakiwa ya watengenezaji tofauti, huweza kuhitaji cheni zenye idadi tofauti.

Vipimo hivyo kwa kawaida huwa vimechapwa ubavuni mwa bapa karibu na mwili wa mashine, lakini bapa lililotumika kwa miaka huwa limefutika, na hapo alama zilizo kwenye cheni yenyewe ndizo zinazosaidia. Cheni za Stihl huwa na tarakimu kwenye kinundu kilicho mbele ya kila jino: 2 humaanisha inchi 0.325, 3 humaanisha inchi 3/8, 4 humaanisha inchi 0.404, na 6 humaanisha inchi 3/8 ya umbo la chini. Tarakimu iliyo kwenye kiungo cha kuendeshea hutaja unene, ambapo 3 ni milimita 1.3, 5 ni milimita 1.5 na 6 ni milimita 1.6. Cheni za Oregon hutumia namba moja kwenye kiungo cha kuendeshea kutaja hatua na unene kwa pamoja, hivi kwamba 72, 73 na 75 zote ni za inchi 3/8 kwa unene wa milimita 1.3, 1.5 na 1.6 kwa mfuatano huo, 20, 21 na 22 ni za inchi 0.325 kwa unene uleule, na 91 ni ya inchi 3/8 ya umbo la chini yenye milimita 1.3. Mnunuzi anayezijua alama hizi hahitaji kutegemea kumbukumbu ya muuzaji, na anaweza kuikataa cheni isiyo na alama yoyote, ambayo mara nyingi ni ya chuma kisichokazwa vizuri na hurefuka upesi baada ya kutumika.

Swali la ukubwa wa mashine haliwezi kutenganishwa na swali la cheni. Misumeno mikubwa ya kuvunia, kama Stihl 070 yenye injini ya sentimita za ujazo 105 na cheni ya inchi 0.404, ilitengenezwa kwa magogo manene, na meno yake makubwa hukamata na kurusha matawi madogo badala ya kuyakata. Msumeno wenye injini ya sentimita za ujazo 45 hadi 60, bapa la sentimita 40 hadi 45 na cheni ya inchi 0.325 au 3/8 hutosha kwa karibu kila kitu kinachoziba njia ya miguu, na mchukuzi wake hafiki kazini akiwa amechoka. Hatua ya inchi 0.325 ina meno mengi zaidi kwa urefu uleule wa bapa, kwa hiyo hukata kwa ulaini katika matawi na vichaka. Ya inchi 3/8 ina meno makubwa zaidi yanayovumilia kunolewa mara nyingi. Pale ambapo kikundi kina misumeno zaidi ya mmoja, ni busara kubwa misumeno yote iwe na cheni ya hatua moja, unene mmoja na idadi moja ya viungo, kwa sababu safari ya kurudi Mpanda mjini kutoka kwenye kambi ya mbali kwa ajili ya cheni moja hugharimu zaidi ya cheni yenyewe.

Katika vichaka, hatari kubwa hutokana na ncha ya bapa. Robo ya juu ya ncha hiyo inapogusa kitu kigumu wakati cheni inazunguka, meno hunasa na msumeno wote hurushwa juu na nyuma kuelekea uso wa mkataji kwa kasi ambayo mikono haiwezi kuizuia. Mkata njia hufanya kazi mahali ambapo ncha ya bapa mara nyingi haionekani, ikiwa imefichwa na majani au na gogo lenyewe, na kwa hiyo cheni yenye viungo vya kinga, yaani viungo vyenye nundu iliyoinuka mbele ya jino ili kuzuia tawi lisiingie kwa ghafla kati ya meno, inafaa kuchaguliwa kwa msumeno wa matawi, hasa unaposhikwa na mtu ambaye bado anajifunza. Cheni hiyo huingia kwa polepole zaidi pale ncha ya bapa inapotumbukizwa ndani ya shina, lakini kazi ya njia haihitaji utumbukizaji huo mara nyingi. Wala kinga hiyo haiondoi haja ya kofia ngumu, kinga ya macho na masikio, suruali ya kinga na viatu imara, na msumeno wa zamani usio na breki ya cheni haufai kabisa kupelekwa vichakani.

Zipo cheni nyingine ambazo mnunuzi hushawishiwa kuzichukua. Cheni yenye meno yaliyoachana, ambayo ina meno machache kuliko ya kawaida, ilikusudiwa mabapa marefu ya zaidi ya sentimita 60, ambamo vibanzi vya mti huhitaji nafasi ya kutoka. Huvutia kwa sababu ina meno machache ya kunoa, lakini katika matawi hurukaruka na kunasa, na haina faida yoyote kwenye bapa fupi. Cheni yenye meno yaliyopakwa kabidi, yaani mchanganyiko mgumu kuliko chuma cha kawaida, huvumilia mchanga na masizi kwa muda mrefu zaidi, na kwa kazi ya visiki na magogo yaliyoungua sifa zake ni za kweli. Hata hivyo bei yake ni mara kadhaa ya cheni ya kawaida, tupa haiwezi kuinoa kwa kuwa huhitaji jiwe la almasi, na kabidi hupasuka inapogonga jiwe au chuma. Taasisi yenye karakana na mashine ya kunolea inaweza kuwa nayo moja kwa ajili ya magogo machafu, lakini kikundi cha kijiji chenye tupa mbili na sanduku la vifaa kitapata faida kubwa zaidi kwa kununua cheni kadhaa za kawaida kwa fedha zilezile.

Njia inapovuka kijito, na hasa inapopita kwenye mitelemko ya kuingia mabonde ya Mlele na Lyamba lya Mfipa, mara nyingi huhitaji daraja dogo la magogo yaliyopasuliwa au mbao za kukanyagia. Kupasua gogo kwa kufuata urefu wake ni kazi nyingine kabisa, kwa sababu jino hukutana na ncha za nyuzi badala ya kuzikata kwa kuvuka, na jino lililonolewa kwa pembe ya kawaida ya nyuzi 30 hutoa ubao wenye mawimbi huku likiichosha injini. Cheni ya kupasulia hunolewa kwa pembe ya nyuzi 10 tu, na si lazima inunuliwe mpya: cheni ya kawaida inaweza kunolewa upya hatua kwa hatua hadi ifikie pembe hiyo, ikatengwa, ikafungwa kitambaa chenye alama na kutumika kwa upasuaji peke yake.

Baada ya uchaguzi, tupa ndiyo inayoamua. Cheni ya inchi 3/8 ya umbo la chini hunolewa kwa tupa ya mviringo yenye kipenyo cha milimita 4.0, ya inchi 0.325 kwa milimita 4.8, ya inchi 3/8 kwa milimita 5.2 na ya inchi 0.404 kwa milimita 5.5. Tupa nyembamba mno huchimba shimo chini ya bamba la juu na kuacha makali membamba yanayovunjika, na nene mno hurudisha makali nyuma yakawa yanasugua. Tupa husukumwa kutoka ndani kwenda nje ya jino, moja kwa moja bila kuzungushwa kwa nguvu wala kurudishwa ikiwa imegandamizwa, na sehemu ya tano ya kipenyo chake hubaki juu ya bamba la jino. Pembe ya nyuzi 30 ni ya kawaida, lakini kwa mninga mkavu, mkora na mpingo, ambao kilo zake kwa mita ya ujazo huzidi 1,000 na kwa hiyo huzama majini, pembe ya nyuzi 25 huacha chuma kingi zaidi nyuma ya makali na kuyafanya yadumu. Kila jino lipitishwe tupa idadi ileile ya mara, na meno yote yafuate urefu wa lililo fupi kuliko mengine.

Mbele ya kila jino kuna kile kinundu kilichokwisha kutajwa, ambacho kazi yake ni kupima kina ambacho jino litaingia katika mti. Kwa kuwa bamba la juu la jino huinama kuelekea nyuma, kila kunoa hulishusha jino na kupunguza tofauti ya kimo kati yake na kinundu, na baada ya kunoa mara kadhaa cheni yenye makali mazuri hutoa unga badala ya vibanzi. Tofauti inayofaa ni karibu milimita 0.65, na kwa mti mkavu na mgumu ni heri ikae chini kidogo ya hapo, kwa sababu kinundu kilichoshushwa mno hulifanya jino lichukue zaidi ya linavyoweza, na msumeno huanza kuruka na kunasa. Kifaa bapa cha kupimia tofauti hiyo ni cha bei ndogo, na kukikosa ni kupoteza nusu ya thamani ya cheni.

Mafuta ya cheni nayo yanahusika moja kwa moja na uhai wake. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini za magari, ambayo hutumiwa mahali pengi kwa sababu haina gharama, hubeba chembe za chuma zinazosaga bapa na ribiti, ina sumu kwa ngozi ya mkataji, na hurushwa yote msituni, ambapo mvua huipeleka kwenye vijito. Mafuta ya alizeti hulainisha vizuri kwa siku za kazi na huoza yenyewe udongoni, mradi msumeno usiwekwe nayo kwa majuma mengi, kwani hugeuka kuwa ulimbo na kuziba pampu. Mawese, ambayo hupatikana kwa urahisi upande wa ziwa Tanganyika, huganda katika baridi ya asubuhi ya Juni na Julai na hayafai.

Hakuna cheni, hata iwe bora namna gani, inayoweza kufidia mkato ulioanzishwa vibaya. Sehemu ya chini ya bapa huivuta cheni kumwelekea mkataji, kwa hiyo cheni huingia mti upande wa mbali na kutokea upande wake. Uchafu ulio upande wa kuingilia huburutwa kupitia upana wote wa gogo, na ule wa upande wa kutokea hutupwa nje mara moja. Panga au shoka litumike kwanza kukwangua gome na vijia vya mchwa upande wa kuingilia, na iwapo mkataji anatumia sehemu ya juu ya bapa, basi ukwanguaji ufanyike upande wake mwenyewe. Gome la myombo, ambalo wenyeji wamelitumia tangu zamani kwa kamba na mizinga kwa sababu ya nyuzi zake ndefu, hujisokota kwenye sproketi na kuisimamisha cheni, hivyo ni afadhali liondolewe kabisa mahali pa kukata. Shina likaguliwe pia kwa waya za mitego ya wawindaji haramu, ambazo mti huzimeza unapokua, na kwa misumari au ndoano za mizinga ya zamani. Tundu lenye nyuki lipitwe mbali, kwa kuwa mlio na moshi wa msumeno huwachokoza upesi. Mti ulioangushwa na tembo huwa umejikunja na kubeba mkazo, na bapa likibanwa viungo vya cheni hupinda. Kabari ya mti mgumu au plastiki iingizwe mapema, kamwe isiwe ya chuma. Mizizi na visiki vya chini vifukuliwe kwa sululu na kumaliziwa kwa shoka, na pale msumeno unapolazimika kutumika, kisiki kikatwe juu kidogo ya ardhi kwanza.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 huhitaji kibali kwa ukataji wa miti katika misitu ya hifadhi, na ndani ya hifadhi ya taifa hakuna msumeno unaoingia bila idhini ya TANAPA, yaani shirika linalosimamia hifadhi za taifa. Mkurungu uliingizwa mwaka 2019 katika orodha ya CITES, yaani mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, baada ya biashara yake kukua kwa kasi, na msumeno unaoonekana karibu na mti huo huzua maswali ya haki. Kikundi cha njia kibebe barua yake, kiipindishe njia ili mininga na mikurungu hai ibaki imesimama, na magogo yaliyokatwa yabaki kando ya njia bila kuondolewa.

Kwa safari ya siku nne au tano, kila msumeno ubebe cheni zisizopungua tatu, zikitumiwa kwa zamu ili zichakae sawa na sproketi, kwa sababu cheni mpya juu ya sproketi iliyolika huharibika mapema, na sproketi hubadilishwa baada ya cheni mbili au tatu kuisha. Cheni ikazwe ikiwa baridi hadi iguse bapa kwa chini na bado iweze kuvutwa kwa mkono, na ilegezwe mwisho wa siku, kwa kuwa cheni iliyokazwa ikiwa moto husinyaa inapopoa na kuuminya mhimili wa injini. Cheni iliyonolewa mpaka meno yake yakakaribia alama ya mwisho iliyochorwa kwenye bamba la juu isitupwe kabla haijavunjika ribiti wala kupasuka: ifungwe peke yake, na iwe ndiyo inayowekwa kwenye bapa kila mara magogo yenye matope ya mchwa na mizizi inapofikiwa, ili cheni nzima zibaki kwa miti safi.